Kupanga safari ya gari ya nusu siku kati ya mji mdogo na jiji: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Safari ya siku mbili watu huiandaa wiki nzima. Hii ya nusu siku wanauliza swali moja tu, ni kilomita ngapi, wakijibiwa wanaona ni karibu, na wanaondoka watakapokuwa tayari. Saa chache baadaye wamekwama kwenye foleni ya kuingia jijini, mtoto anataka choo na choo hakionekani, na pale mahali pazuri walipopanga kupumzika walipapita mbio kwa kuwa walikuwa wamechelewa.

Nimeziendesha safari hizi mara nyingi, kwenda na kurudi, na kuna jambo moja ambalo ningetaka kila dereva alijue kabla hajawasha gari: muda wa safari fupi hupotea na kupatikana kwenye saa uliyochagua kupita kila sehemu ya njia. Mguu kwenye mafuta unachangia kidogo sana. Hesabu yake iko hapa chini, na mambo mengine yote ya mwongozo huu yanaifuata hesabu hiyo.

Kwa nusu siku ninamaanisha saa nne hadi sita, kutoka mlango hadi mlango, pamoja na vituo. Ndani ya muda huo, kuendesha kwenyewe kusizidi saa tatu na nusu hivi. Ikizidi hapo, vituo vinageuka kukimbilia choo na kurudi garini, na hiyo ni safari nyingine inayohitaji siku nzima.

Hatua ya 1: Anza na saa ya kufika

Chukua karatasi. Andika saa unayotaka kuwa umeshaegesha gari mwisho wa safari. Usiandike saa ya kuondoka kwanza. Hiyo itajitokeza yenyewe.

Saa ya kufika ichague ukiangalia mambo matatu. La kwanza ni foleni. Majiji mengi yana vilele viwili vya msongamano siku za kazi: asubuhi watu wanapoingia kazini na shuleni, na jioni wanapotoka. Katikati yake kuna dirisha la nafuu, kwa kawaida kuanzia saa nne asubuhi hadi kama saa tisa alasiri. Ingia jijini ndani ya dirisha hilo. La pili ni mwili wa dereva. Binadamu husinzia kirahisi nyakati mbili: usiku wa manane hadi alfajiri, na mchana kati ya saa nane na saa kumi, hata asipokula chochote. Jipange kipande kirefu cha barabara kuu kisikuangukie saa hizo. La tatu ni jua. Ukielekea mashariki asubuhi au magharibi jioni, jua la chini linakupiga machoni, na wewe huoni mtembea kwa miguu aliye mbele yako. Kama njia yako inaelekea huko, sogeza saa yako ya kufika mbele au nyuma kwa saa moja.

Sherehe, mechi kubwa, siku ya soko na mwisho wa mapumziko ya shule huvuruga haya yote. Uliza mapema kama jijini kuna jambo lolote siku hiyo.

Hatua ya 2: Ikate njia vipande vitatu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kutoka mji mdogo hadi jijini si barabara moja. Ni barabara tatu zilizounganishwa: ya kutoka mjini, yenye matuta, kona, mifugo na watoto wa shule, barabara kuu, na ya kuingia jijini, yenye taa na foleni. Kila moja ina mwendo wake wa wastani, na wastani huo uko chini sana ya namba unayoiona kwenye kibao cha kasi. Gari linaweza kusoma 80 muda mrefu, lakini ukihesabu malori uliyoyafuata, vivuko na vijiji, wastani wako ukawa 65.

Tuchukue mfano wa kilomita 160. Kipande cha kwanza kilomita 30, wastani wa kilomita 40 kwa saa: dakika 45. Kipande cha pili kilomita 110, wastani wa 70: dakika 94. Kipande cha tatu kilomita 20 tu, lakini wastani ni 20: dakika 60. Jumla dakika 199, yaani saa tatu na dakika 19.

Sasa angalia. Kilomita 20 za mwisho zimekula karibu theluthi moja ya muda wote. Ukiamua kukimbia kwenye barabara kuu na kupandisha wastani kutoka 70 hadi 80, jambo gumu na la hatari, unaokoa dakika 12 hivi. Ukiingia jijini saa ambayo foleni imelegea, na wastani wa kipande cha tatu ukapanda kutoka 20 hadi 30, unaokoa dakika 20 bila kuongeza kasi popote.

Na hizo dakika 12 za kukimbia zina gharama. Ukiwa na kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu na breki nzuri, tangu unapoona hatari hadi gari linaposimama unahitaji karibu mita 57. Kwa kilomita 100 kwa saa unahitaji zaidi ya mita 80. Lami ikilowa, sehemu ya kufunga breki inaweza kuongezeka maradufu. Sioni dakika 12 zinazostahili hilo.

Baada ya muda wa kuendesha, ongeza vituo, kisha akiba. Kwa mfano wetu: kituo kifupi dakika 20, kituo kikuu dakika 60, na akiba ya dakika 30 hivi, ambayo ni kama asilimia 15 ya muda wa kuendesha. Jumla inakuwa saa tano na dakika 10. Ukitaka kufika saa nane kamili mchana, rudi nyuma saa tano na dakika kumi: unaondoka saa mbili na dakika 50 asubuhi. Kuondoka maana yake magurudumu yanazunguka. Mizigo, funguo, kumsubiri anayerudi ndani kuchukua chaja, hayo yote yawe yamekwisha. Yape dakika 30 zake kabla ya hapo.

Akiba usiigawe. Usiseme, "Tuna nusu saa ya ziada, tukae zaidi hapa." Ikifika mlango wa jiji haijaguswa, ndipo ni yako.

Kuhusu makadirio ya simu: programu za ramani ni nzuri, ila zinajibu swali uliloliuliza. Ukitazama saa nne usiku, zinakuonyesha barabara ya saa nne usiku. Nilishawahi kupanga hivyo, nikaambiwa saa mbili na nusu, na kesho yake asubuhi nikatumia zaidi ya saa nne. Tazama njia ileile wiki moja kabla, siku ileile ya wiki, saa ileile utakayokuwa ukiingia jijini. Programu kadhaa pia zinakuruhusu kuweka saa ya kuondoka ya baadaye. Na kumbuka hazihesabu vituo vyako.

Hatua ya 3: Chagua njia, na ujue ya pili

Njia fupi kuliko zote si lazima iwe ya haraka, na ya haraka si lazima iwe ndiyo unayotaka kupita na familia. Njia ya mkato isiyo na lami hubadilika kabisa baada ya mvua ya usiku mmoja. Mimi huchagua barabara kuu hata ikiwa ndefu kwa kilomita 15, kwa sababu ikitokea shida kuna magari, mafundi na mtandao wa simu. Njia ya kupendeza, ile ya milimani au ya ziwani, ifae siku ambayo ndiyo sababu ya safari, na uwe umeihesabia muda wake.

Ramani ya eneo lote ipakue kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti. Kisha iandike njia kwenye karatasi kwa mistari sita au saba: majina ya miji unayopita kwa mpangilio, umbali kati yake, njia panda muhimu, na mahali unapoweza kuchepuka kama barabara imefungwa. Simu huzimika, hupata joto ikikaa kwenye kioo juani, na mtandao hukatika katikati ya miji. Karatasi inakaa na abiria wa mbele.

Hatua ya 4: Vituo viwili, na mahali pa kuviweka

Ushauri wa kawaida wa usalama barabarani ni kupumzika angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili za kuendesha. Katika safari ya nusu siku hiyo inatosha kituo kimoja, lakini mimi huweka viwili, kila kimoja kikiwa na kazi yake.

Cha kwanza ni cha mapema, nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuondoka, mwisho wa kipande cha kwanza. Dereva anashuka, anazunguka gari, anagusa kamba za mzigo wa juu kama upo, anatazama matairi na anainama kuona kama kuna kinachovuja chini. Kasoro nyingi zilizojificha gari likiwa limesimama hujitokeza likishapata mtikisiko. Abiria nao, ambao walisema nyumbani kwamba hawahitaji choo, sasa wanakihitaji.

Cha pili ndicho kikuu, na nakiweka kwenye theluthi ya mwisho ya barabara kuu, kabla jiji halijaanza. Sababu ni mbili. Kwanza, dereva anaingia kwenye sehemu ngumu kuliko zote akiwa amepumzika. Pili, ukishaingia kwenye foleni huna tena pa kusimama. Choo, maji, simu ya kuwaambia wenyeji uko wapi, vyote vimalizike hapa. Ni hapa pia unapotazama hali ya foleni kwa mara ya mwisho na kuamua uingie jiji kwa barabara ipi.

Mahali pa kusimama pakague kwenye ramani mapema. Pawe upande wako wa barabara ikiwezekana, maana kuvuka magari yanayokuja kwa kasi ili kuingia, kisha kuyavuka tena ili kutoka, ni hatari mara mbili. Pawe na nafasi ya kuegesha nje kabisa ya barabara. Kama unataka kutazama kitu njiani, maporomoko, makumbusho, kilima chenye mandhari, kiwe kimoja. Nimeona watu wakiweka vinne kwenye safari ya saa tano, na vyote vinne wakavitazama wakiwa wameshika funguo mkononi. Thibitisha kwamba kitakuwa wazi siku na saa hiyo.

Hatua ya 5: Gari, siku mbili kabla

Siku mbili, kwa sababu ukigundua tatizo usiku wa kuamkia safari huna fundi wala duka la vipuri.

Anza na matairi. Huko ndiko ajali huanzia kimyakimya. Upepo upimwe matairi yakiwa ya baridi, yaani gari limelala au limetembea kilomita mbili tatu tu, kwani joto la mwendo huongeza upepo na kukudanganya. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usijaze kwa hiyo. Gari likijaa watu na mizigo, kibandiko mara nyingi kina kiwango cha pili, cha juu zaidi. Kina cha meno ya tairi kisipungue milimita 1.6, ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa kikomo cha kisheria, lakini wakati wa mvua mimi sisafiri na chini ya milimita 3. Umri wa tairi nao upo ubavuni: mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tairi la spea nalo lipime. Hili narudia kwa kila ninayemshauri, kwa kuwa nilishawahi kulishusha la kwangu kando ya barabara nikakuta halina upepo kabisa; lilikaa kwenye buti miaka miwili bila kuguswa. Hakikisha jeki inafanya kazi, spana inaingia kwenye nati zako, na kama nati moja ni ya kufuli, ufunguo wake uko garini. Jaribu kulegeza nati moja nyumbani, mahali tambarare. Zikiwa zimekazwa kwa mashine unaweza kushindwa, na ni afadhali kujua leo. Spea nyembamba ya muda kwa kawaida imeandikwa isizidi kilomita 80 kwa saa; ni ya kukufikisha kwa fundi.

Mengine ni ya haraka: oili kwenye kijiti chake gari likiwa limesimama sawasawa, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, mafuta ya breki, maji ya kuoshea kioo, wipa zisizoacha michirizi, na taa zote. Mtu mmoja asimame nyuma akuambie kama taa za breki zinawaka zote. Kama breki zinalia, zinavuta upande mmoja au pedali inazama, ahirisha safari hadi fundi azione.

Mafuta yajazwe jioni iliyotangulia. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litahitaji karibu lita 13 kwa kilomita 160. Ongeza robo kwa ajili ya foleni na kiyoyozi, zinakuwa 16. Mkichangia, hesabu hiyohiyo zidisha na bei ya lita, jumlisha ada za barabara na maegesho, gawanyeni kabla ya safari. Mwenye gari la umeme ajue kwamba mwendo wa barabara kuu na kipasha joto hupunguza umbali ulioahidiwa na kwamba chaji ya haraka hupungua kasi ikishapita asilimia 80 hivi, na awe na vituo viwili vya chaji kwenye mpango, kwa maana kimoja kinaweza kuwa kibovu au kina foleni.

Leseni, bima, kadi ya gari na namba ya simu ya msaada wa barabarani, kama bima yako inao, viweke pamoja sehemu moja.

Hatua ya 6: Watu na mizigo

Dereva alale. Saa saba au nane. Utafiti uliopima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo ulikuta wanafanya vibaya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni kosa kuendesha nacho. Anayetumia dawa za mafua, mzio au maumivu asome kikaratasi, nyingi husinzisha. Kahawa husaidia, ila huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Ukisinzia njiani, egesha mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20, utaamka nayo ikiwa tayari mwilini. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakuondoi usingizi.

Kila mtu afunge mkanda, wa nyuma pia. Kwa dereva na abiria wa mbele, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu. Asiyefunga nyuma, gari likigonga, humrukia aliye mbele yake kwa uzito wake wote. Mtoto akae kiti cha nyuma kwenye kiti cha watoto kinacholingana na kimo na uzito wake. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Anayepata kichefuchefu njiani akae mbele au katikati ya kiti cha nyuma aone barabara, atazame mbali, asiguse simu wala kitabu. Apewe chakula chepesi saa moja kabla, tumbo lisiwe tupu wala limejaa.

Mizigo mizito ikae chini kabisa, ikigusa mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya kibao cha dirisha la nyuma kusiwe na kitu. Yafuatayo yafikike bila kupakua buti: maji, karatasi za chooni, mfuko wa takataka, dawa za kila siku, kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi, pembetatu ya tahadhari, fulana yenye kung'aa, chaja, nguo moja ya joto kwa kila mtu, na pesa taslimu kidogo za chenji. Spea ikiwa chini ya mizigo yote, jua utaitoaje.

Gawa kazi. Dereva anaendesha tu. Abiria wa mbele ana simu, ramani na karatasi; yeye ndiye anayepokea simu na kusema, "Njia panda ijayo, tunashika kulia." Kutazama simu kwa sekunde tano ukiwa na kilomita 80 kwa saa ni kusafiri mita 111 bila macho. Ukisafiri peke yako, weka njia kabla ya kuondoka, iache ikuongoze kwa sauti, na kila badiliko lifanyike gari likiwa limeegeshwa.

Hatua ya 7: Barabarani

Kati yako na gari la mbele ziwepo sekunde mbili. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita, hesabu hadi wewe uifikie. Mvua ikinyesha, ziwe nne. Nyuma ya lori kubwa rudi nyuma zaidi, uone mbele na yeye akuone kwenye vioo vyake. Kama huvioni vioo vyake, naye hakuoni.

Kulipita lori usiku, kwenye kona au karibu na kilele cha mlima, acha. Katika mfano wetu, kulifuata lori linalokwenda 60 kwa kilomita 10 badala ya kwenda 80 kunakupotezea dakika mbili na nusu. Hizo zimo ndani ya akiba yako.

Mteremko mrefu ushuke kwa gia ndogo, injini ishike gari. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto hadi zinapoteza nguvu, na hilo halitoi taarifa mapema. Mvua kubwa ikianza, punguza mwendo na washa taa. Usukani ukihisi mwepesi ghafla, matairi yanaelea juu ya maji, basi ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, usikanyage breki kwa nguvu.

Hatua ya 8: Kuingia jijini

Aliyezoea mji wenye mzunguko mmoja hushtuka anapoona njia nne zinakwenda upande mmoja. Dawa yake inaandaliwa nyumbani. Chagua sehemu ya kuegesha kabla ya safari, kwa jina na kwa mtaa wake, na uijue ya pili kama ya kwanza imejaa. Kisha kariri kona tatu za mwisho kabla ya kuifikia, ukizitazama kwenye ramani au picha za mtaa: baada ya daraja, kushoto, kwenye taa ya pili, kulia, jengo la buluu, ingia. Sauti ya simu mara nyingi huchelewa katikati ya majengo marefu.

Kaa kwenye njia ya mwendo wa polepole mpaka ujue unakwenda wapi, na hamia upande wa kona yako mapema kuliko unavyodhani. Ukiikosa, endelea mbele. Kusimama ghafla au kurudi nyuma ndiko kunakogonga watu. Simu itakupa njia nyingine na utapoteza dakika tano. Jiangalie na njia za mabasi, mitaa ya upande mmoja na maeneo ambayo magari hutozwa ada kuingia.

Kuna uamuzi ambao wengi hawaufikirii: kuacha gari pembezoni mwa jiji, kwenye maegesho karibu na kituo cha treni au basi, na kumalizia kwa usafiri wa umma. Kama unakokwenda ni katikati kabisa na mizigo ni midogo, mara nyingi ndiyo njia ya haraka, na dereva mgeni anapumua.

Ukielekea upande wa pili, kutoka jijini kwenda mji mdogo, mpango unageuka. Sehemu ngumu inakuja kwanza, kwa hiyo ondoka mapema sana kabla foleni ya asubuhi haijafunga, au subiri ipite. Ukikwama mwanzoni, akiba yote inaisha kabla hujaona barabara kuu. Kituo cha kwanza kiwe mara tu baada ya kutoka jijini, mabega yalegee. Na mwisho wa safari ndiko huduma zinakopungua: jaza mafuta na nunua unachohitaji ungali kwenye barabara kuu, kwa sababu mji mdogo unaweza kuwa umeshafunga, na kipande cha mwisho, chenye kona na mifugo, kifike kukiwa bado na mwanga.

Mambo yakiharibika

Gari likigoma, lisogeze nje ya barabara kadiri linavyoweza kwenda, washa taa za dharura, shusheni watu kwa upande usio na magari, na wote wasimame mbali na gari, nyuma ya kingo kama zipo. Pembetatu iweke angalau mita 50 nyuma, karibu hatua 65 za mtu mzima, na mbali zaidi kama kuna kona. Kwenye barabara za mwendo kasi sana, ambako kutembea ukingoni ni hatari na mahali pengine ni marufuku, acha pembetatu, toka, piga simu.

Pancha: breki ya mkono, jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, legeza nati kidogo kabla ya kupandisha jeki, usiingize mwili chini ya gari, na ukirudisha kaza nati kwa kuvukana, yaani moja kisha ile inayotazamana nayo. Baada ya kilomita 50 hivi zikaze tena.

Injini ikichemka, zima kiyoyozi na fungulia kipasha joto hadi mwisho ili kivute joto kutoka kwenye injini, kisha egesha na uzime. Kifuniko cha rejeta usikiguse angalau nusu saa. Maji ya ndani ya rejeta yana shinikizo na yatakurukia usoni.

Umechelewa kuliko akiba yako? Punguza kituo kikuu au kiondoe, mpigie anayekusubiri ukiwa umesimama, mpe saa mpya. Saa hiyo mpya ihesabu kwa wastani uleule wa mwanzo.

Ukishaegesha

Kabla ya kushusha mizigo, chukua dakika mbili na ileile karatasi. Andika saa uliyoondoka, saa uliyoanza na kumaliza kila kipande, kilomita zilizosomwa, na lita ulizotumia utakapojaza tena. Piga picha ya mahali gari lilipo na namba ya nguzo au mtaa wake. Kisha gawanya kilomita za kila kipande kwa muda wake: hizo ndizo wastani halisi za gari lako na njia yako, na ndizo utakazotumia kupanga saa ya kurudi.